Siku Motokari Ilinifunga Ndani na Mama-Mukwe

Acha niseme mwenyewe mbele bengine hawajanisemea (hapa Ruashi, mu mutaa wetu, habari haikaaka mu nyumba): miye, Papa Merveille, mekanisien wa miaka na miaka, nilifungwa mu motokari mupya mbele ya parokia nzima, pamoja na mama-mukwe wangu. Mwenye iko na mama-mukwe amesikia tayari uzito wa ile neno. Mwenye hana, ajue kama kwetu mama-mukwe haumuangalie mu macho, haukae naye karibu, ukimuona anakuja mu njia unatafuta fasi ingine ya kupita. Njo heshima yenyewe.

Sasa huyu mama, muuzishaji wa unga na maharagi, mukali, alikuja kununua motokari ku ile nyumba kubwa ya kuuzisha motokari mujini, kwenye ninatumika. Alikuja kwa sababu bibi yangu, binti yake, alimuapia: bwana yangu iko pale, hautaona shida. Tangu ndoa, mama alikuwa ananiona tu muntu wa mikono ya mafuta, hakunipendaka, na bibi yangu alibeba ile maneno mu roho miaka yote. Kama motokari inaenda muzuri, mwishowe bibi yangu atapata kinywa mbele ya mama yake. Kama inaharibika, basi, hata miye sikutaka kufikiria.

Ku atelie yetu, tangu hizi motokari za ordinatere, zenye kompyuta ndani, zilifika, patron, mwenye kazi, alinunua tablete ya kusomea magonjwa yao, akamutuma binti moja, Chantal, kujifunza Afrika ya Kusini. Aliniuliza na miye. Nikamujibu motokari ni motokari, miye nasikiaka ugonjwa na sikio. (Kweli yenyewe, nilikuwa naogopa. Ile tablete nikiikamata vidole vinatoka jasho, na kukaa mu klasi na batoto sawa muntu mwenye kurudilia mwaka, nilisikia haya.)

Basi siku ya posho, ni kusema jumamosi, kisha misa ya asubui, nikaleta motokari ku parokia, juu kwetu motokari mupya haitembee mbele padri hajaimwangia maji ya baraka. Mama-mukwe akataka kwanza kukaa ndani. Akakaa nyuma, miye mbele ku usukani, nikageuza kioo ya katikati ili macho yasikutane. Ile tu kuwasha, taa moja ya manjano ikatokea. Bamama ba korali bako pale, bibi yangu kati yao, padri iko anakuja na maji yake, na nyuma yangu nasikia mama anauliza ile ni nini. Nikamujibu ni bure, namaliza sasa hivi.

Nilipashwa kumuita Chantal. Simu ilikuwa mu mufuko. Lakini kuita binti anisaidie mbele ya mama-mukwe? Nikafungua kapo, kifuniko cha mashini, nikatosha waya ya batri fasi yake, vile tulikuwa tunafanya zamani taa ikisumbua: unatosha, unangoja kidogo, unarudisha, motokari inasahau. Nikarudisha, nikaingia mbio, nikafunga mulango.

Motokari haikusahau kintu. Ilifikiri miye ni mwizi. Milango yote ikajifunga, hata ku ndani haifunguke, honi ikaanza kulia, vioo vikakatala kushuka, lufungula, ufunguo ya kufinya, iko mu mukono, nafinya nafinya hakuna, inje mumoja anasema vunja kioo, mwengine anasema sukuma, bengine batosha simu banapiga video, bamama ba korali bakaanza kuimba (sijue ni kutuombea ao ni kufunika honi), na padri, mwenye alikuwa na ndoa ya kufungisha, akatumwangia maji ya baraka vile vile, ku kioo ya mbele, sisi ndani.

Nikamuita Chantal, sauti ndogo. Honi nayo ikachoka, kukakuwa kimya, na jua kali.

"Papa Merveille," mama akasema nyuma yangu, polepole, "hii motokari munaijua ao hamuijue?"

Ningeweza kudanganya tena. Lakini mule ndani hamukuwa fasi ya kukimbilia.

"Siijue, mama."

 Nilisikia anajipepea na kitambala.

Chantal akafika na taksi-moto, pikipiki ya kulipia, ameleta lufungula ya pili. Akatosha ndani yake kipande kidogo cha chuma, akafungua kitundu kenye kujificha ku mukono wa mulango, na mulango ukafunguka. Akachomeka tablete, akasoma, akaenda kuinama ku pine, tairi ya nyuma. Taa ilikuwa inaomba upepo. Upepo tu, mu pine.

Ile njo ilinikata roho. Pine! Miye mwenye kila siku mbele ya kuwasha motokari nazunguka kwanza, napiga pine teke, tangu ujana wangu. Woga wa ile nilikuwa sijue ulinisahaulisha na ile nilikuwa najua. Nafikiriaka ile sana, hata leo.

Mama-mukwe akashuka, akafunga kitambala chake vizuri. Akamuambia Chantal kama tangu leo yeye njo fundi wa motokari yake. Bantu bakaanza kucheka. Miye naangalia chini, sina pa kuweka mikono. Mama akawageukia.

"Huyu iko mukwe wangu," akasema. "Musimucheke."

Bibi yangu akafunika uso na mikono. Alikuwa analia ao anacheka, sikumuuliza.

Siku ya kwanza ya kazi, jumatatu, nikaenda kwa patron, nikaomba na miye anitume kujifunza. Sasa nakaa mu klasi mbele kabisa, nasema "sijue" mara nyingi, na kila mara inaniumaka kidogo. Lakini kutosha waya ya batri juu ya taa yenye sijasoma, mama-mukwe iko nyuma yangu, hapana. Heri nikatumike shamba.