Mapindo Ndani ya Amplifaya

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani mwenye sheria moja ambayo hakuivunja hata mteja alie machozi: kila nguo inayotoka mkononi mwake lazima iachiwe kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Sare za shule aliziachia mapindo ya vidole vitatu, maana watoto hawaombi ruhusa ya kurefuka. Gauni la bibi harusi aliliachia vidole viwili, na sababu hakumwambia bibi harusi. Kwa zaidi ya miaka thelathini mtaa mzima ulivaa kazi yake bila kubanwa.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa fundi redio. Chumba cha mbele walikigawana: huku cherehani, kule meza ya redio, na katikati mabishano. Walibishana juu ya vipande vya uzi vilivyoingia kwenye spika za watu, juu ya nani kachukua mkasi, juu ya redio ipi izimwe ili mwenzake apate kufikiri. Majirani wapya walidhani nyumba ile haina amani. Wa zamani walijua kwamba siku mafundi hao wakinyamaza ndipo pa kubisha hodi na kuuliza kuna nini.

Na sasa walikuwa wamenyamaza. Miezi minane ilikuwa imepita tangu mikono ya Baba Pacha ianze kutetemeka. Daktari aliupa ugonjwa jina, akatoa na vidonge, akasema wazi kwamba mikono hiyo haitarudi ilivyokuwa. Baba Pacha alirudi nyumbani, akaifunika meza yake kwa shuka, akakigeuza kiti kikatazama barabarani. Ukimuuliza chai, "Sawa." Ukimuuliza kuoga, "Bado." Mama Pacha aliwahi kuificha miwani yake makusudi ili angalau wagombane kidogo, mwanamume akakaa siku mbili bila miwani na bila neno. Hapo mama wa watu akaogopa kweli. Alimtaka mumewe arudi, yule mbishi, na hakujua amtafute wapi, kwa kuwa alikuwa ameketi pale pale.

Chini ya meza iliyofunikwa kulikuwa na boksi ambalo Baba Pacha alilipata kabla pacha hawajazaliwa. Lilikuwa na amplifaya ya kukuzia sauti, ya valvu za enzi zile, ya kujiunganishia mwenyewe: sanduku la bati, transfoma mbili zilizohitaji mikono miwili kunyanyuliwa, valvu zenyewe, kama taa ndogo za kioo, zilizozungushiwa magazeti, pakiti za vidude vidogo vya rangi rangi, na kitabu cha maelekezo chenye hatua tisini na mbili. Alikuwa ameishia hatua ya kumi na nne. Kwanza zilimshika kazi za watu, kisha watoto, kisha kazi za watu tena. Na siku nafasi ilipopatikana, mikono ikakataa.

Alhamisi moja Mama Pacha alilivuta boksi lile, akalipandisha juu ya meza yake ya kukatia vitambaa.

"Hii nitaimalizia mimi," akasema.

"Igawe," akasema Baba Pacha bila kugeuka.

"Nimgawie nani, na mimi hapa mikono ninayo?"

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Mama Pacha akauma ulimi, lakini kazi hakuiacha.

Kulehemu hakuhitaji kufundishwa. Umeishi na fundi redio miaka yote hiyo, ukalala ukiisikia harufu ya risasi iliyoyeyuka, utajua tu kwamba chuma hupashwa kwanza, risasi ikafuata. Siku ya kwanza aliunguza kidole. Siku ya pili akaunguza pindo la sketi ya mwalimu wa hisabati, akalikunja kwa ndani na kujitia hamnazo. Maelekezo aliyasoma kwa sauti, makusudi, kwa sauti ile anayotumia kumwitia muuza mboga aliyekwisha kuvuka barabara.

"Hiki chenye mistari miwili myekundu kinaenda wapi?"

Kiti hakikugeuka.

"Basi nitakiweka popote."

Kiti kikalia kidogo.

"Popote patakapokuwa na nafasi."

"Hatua ya thelathini na moja," Baba Pacha akaiambia barabara. "Soma vizuri, mwanamke."

Mama Pacha akainamisha kichwa asionekane anavyocheka. Siku ya nne kiti kilikuwa kimegeuka nusu. Siku ya sita kiliielekea meza kabisa, ingawa mwenyewe alijikinga kwa gazeti la wiki iliyopita. Na mama huyu akaendelea na nyaya zake kwa moyo mweupe, kila waya akiupima toka tundu hadi tundu, akiongeza vidole vitatu vya akiba kabla ya kukata. Ziada yote aliiviringisha vitanzi, akavifunga kwa uzi mnene wa vifungo vya makoti, akavipanga kwenye nafasi kando ya transfoma. Siku ya tisa akamwonyesha mumewe.

Baba Pacha aliinama, akatazama kwa muda mrefu.

"Uzi umeufunga vizuri," akasema, akarudi kwenye gazeti lake.

Jumamosi asubuhi walikuwa tayari kuiwasha. Mwalimu wa hisabati alikuwa amefika kuchukua sketi yake, akaambiwa akae kwenye benchi asubiri, na asiguse kitu.

"Mkono mmoja utie mfukoni," Baba Pacha akaamuru. "Umeme wa hiki kitu ukiingia mkono huu ukatokea ule, umepita moyoni."

"Gauni langu halina mfuko."

"Wewe fundi wa nguo, hujajishonea hata mfuko?"

"Niliutaka wa nini, wakati hujawahi kunipa cha kutia?"

Mwalimu alikohoa. Mama Pacha akaficha mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, akabonyeza swichi kwa wa kulia. Valvu zikaanza kuwaka rangi ya chungwa, taratibu. Kisha spika zikaunguruma. Mngurumo mnene, wa mfululizo, uliotikisa sindano ndani ya kikopo.

"Mmenunua friji?" akauliza mwalimu.

Mama Pacha akazima. Uso ulimshuka, siku tisa zote zilikuwa zimeishia kwenye mngurumo. Alimgeukia mumewe akitazamia "sawa" au "bado".

"Ni mapindo yako," akasema Baba Pacha.

"Mapindo gani?"

"Umeniachia akiba kwenye kila waya, kama unamshonea mtoto wa darasa la kwanza. Amplifaya haikui. Hivyo vitanzi vyako vimekaa ubavuni mwa transfoma vinazoa kelele yake yote na kuipeleka kwenye spika."

"Umejua leo?"

"Nimejua tangu waya wa kwanza."

Mama Pacha akaweka bisibisi chini. Kisha akampa vidonge vyake, na si vile vya daktari. Alimwita kichwa kigumu, alimwita mchawi wa mchana, alimuuliza ni mtu gani anayemtazama mkewe akiungua vidole siku tisa huku ulimi kaufyata. Baba Pacha naye hakukubali. Alisimama, akasema kwa sauti iliyofika nje kwamba angemwambia siku ya kwanza, mkewe angeacha siku ya kwanza, naye hakutaka aache. Mwalimu alisahau sketi.

"Hukutaka niache?" akauliza Mama Pacha.

"Nilikuwa natazama," akasema Baba Pacha. Sauti ilikuwa imeshuka. "Nilipenda kutazama."

Hapo hasira zikamwisha. Mwalimu alipewa sketi yake akaenda, hana haraka. Walisubiri mpaka umeme uliobaki ndani ulipokwisha, Baba Pacha akihesabu dakika, kisha akasogeza kiti hadi mezani. Mama Pacha akashika mkasi wa nyaya, lakini kukata bila akiba kulimshinda. Mkono wenyewe ulikataa.

"Nikate wapi?"

"Hapa."

Baba Pacha alinyoosha kidole kwenye waya. Kidole kikaenda kushoto, kikarudi kulia, kikapita urefu wa inchi nzima na kurudi. Wote wawili wakakitazama. Baba Pacha akaurudisha mkono mapajani, akasukuma kiti nyuma.

"Nilikwambia uigawe," akasema, na uso wake ukaelekea tena barabarani.

Mama Pacha aliogopa kuliko siku ya miwani. Kama mumewe angeondoka pale mezani sasa, asingerudi tena, na hilo alilijua kama anavyojua jina lake. Akautoa utepe wa kupimia shingoni.

"Sikukuomba kidole. Nimekuomba kipimo. Sema kwa mdomo, inchi ngapi?"

Baba Pacha aliutazama ule waya jinsi alivyokuwa akizitazama redio zilizokufa.

"Mbili na robo."

Mama Pacha akapima, toka tundu hadi tundu. Mbili na robo, haikuzidi unyuzi. Akafumba macho, akakata.

"Unaofuata?"

"Tatu kasorobo. Ule wa bluu, nne kamili. Usinipimie, kata."

Alipima kila mmoja, kwa siri na kwa dhahiri, na hakumkuta na kosa. Nyaya arobaini na moja zilikatwa na kulehemiwa upya, siku ile na kesho yake baada ya chakula cha mchana, na Baba Pacha alisema kila kipimo akiwa ameegemea kiti, kama bosi. Walipoiwasha tena hakikusikika kitu. Mama Pacha alidhani wameiua. Baba Pacha akamwambia aweke santuri, yoyote, ya dansi. Na tarumbeta zikatoka safi hata ukasikia mpigaji akivuta pumzi. Mama Pacha akaketi juu ya rundo la vitambaa vya watu, akalia kidogo, akapangusa macho kwa kipande cha bitana.

Baba Pacha alisikiliza upande mmoja mzima wa santuri, kichwa kikiwa kimeinama.

"Spika ya kushoto sauti iko chini kidogo," akasema mwishowe.

Mama Pacha akasikiliza kushoto, akasikiliza kulia. Zilikuwa sawasawa kabisa, na mzee alikuwa anatazama dari, mahali anapotazama kila anapodanganya.

"Unasemaje basi?"

"Kesho tuufumue huo upande."

"Saa mbili asubuhi," akasema Mama Pacha. "Ukichelewa, naanza peke yangu."