Telegramu ya Mokambo na munungwe wangu

Musomaji mumoja wa mitaa ya sité ametuandikia. Jina yake tumeificha kama alivyoomba. Mwenye shauri alilete ku ukurasa hii.

Bandugu basomaji, yambo. Miye ni muzee. Padri aliandika miaka makumi sita na kitu, lakini aliniangalia meno tu, kama bantu banaonunua mbuzi. Niko planto mu biro ya avoka mumoja muzungu, muntu wa kutetea bantu ku tribunali, hapa Élisabethville: napeleka barua, nafungua mulango, nasema "patro hayuko" wakati mukubwa yule yuko ndani. Na ni miye, kwa akili yangu mwenyewe, nilikamata wizi ya telegramu iliyotaka kukula feza ya mujane.

Haya, si kweli. Nilikuwa nakunywa munkoyo, pombe yetu ya mahindi.

Sikieni. Kuna mama mumoja wa mutaa ya Katuba, bwana yake alikufa mu kazi ya machimbo. Kompani ikatoa feza ya kifo, na avoka wetu akawa anaichunga mupaka mambo ya mirathi iishe. Asubuhi moja telegramu ikafika kutoka Mokambo, kule ku mupaka, na jina ya yule mama chini: "Niko Mokambo kwa kaka yangu. Nagonjwa sana. Tumeni feza yote huku, kwa jina ya kaka." Kalaki wetu, mwandishi wa biro, kijana wa Kasai anayevaa kravati ku shingo hata siku ya mvua, akaisoma mbele ya patro, akasema, "Maskini, tufanye mbio." Patro akatia sinyatire, jina yake, ku karatasi ya kutuma feza, akanipa envelope. "Kimbia ku posta!"

Kukimbia, na magoti hizi? Posta iko karibu, mutaa ya Kenya iko mbali, lakini miguu yangu ilichagua Kenya, kwa mama wa munkoyo. Nikakaa kidogo. Ile kidogo ikazaa kidogo ingine. Posta ikafunga.

Nikarudi mu biro na uongo tayari mu kinywa. Nakuta yule mama mwenyewe amekaa pale, kitambaa ya kilio ku kichwa.

"Nilikuja kuuliza feza yangu," anasema.

Patro alikuwa mweupe; siku ile aliongeza. "Mama, weye hauko Mokambo? Hauko mugonjwa?"

"Mokambo? Niangalie, baba. Ugonjwa yangu ni batoto banaolia njaa."

Basi nikatoa ile envelope mu mufuko, polepole kama padri anatoa ostia. Nikasema, "Patro, ile telegramu ilininukia mubaya. Nikaichelewesha."

Alinikumbatia! Akavua koti yake ya sufu, akanivalisha. Ni ile niko nayo nikiandika hii. Inaniwasha ku shingo.

Kutoka siku ile patro ameweka sheria. Telegramu haitahamisha feza ya muntu tena. Kama mwenye feza anaomba ipelekwe pengine, biro inamutafuta ku nyumba ile tulijua mbele, si ku adresi mupya ya telegramu. Anakuja yeye mwenyewe na shahidi, tena patro na mwenzake bote babili banatia sinyatire. Muzuri kabisa. Lakini ni miguu ya nani inazunguka Katuba kutafuta bantu? Ya shujaa.

Sasa uchungu yangu. Siku ya Mungu nilirudi kwa munkoyo, na munungwe wangu akaja kukaa. Miye ni wa bena Mbushi, ukoo ya mbuzi. Yeye ni wa bena Ngo, ukoo ya chui. Bababu balituachia bunungwe: tunatukanana, tunanyang'anyana, hakuna wa kukasirika, na mumoja akikufa mwingine anamuzika. Bwana ya yule mujane alikuwa ndugu yangu wa mbuzi. Ni huyu chui alichimba kaburi yake.

"Weye mbuzi ya meno mubovu," ananiambia, "nilingojea ku posta ya Mokambo mupaka nikaota mizizi. Nani alikutuma kunywa siku ile?"

"Ni weye?"

"Nani mwingine? Nilimuzika ndugu yenu, kuku yangu ya kuzika iko wapi? Nilijichukulia. Ni bunungwe tu! Chui akikula mbuzi, nani anaenda kushitaki ku tribunali?"

"Kuku, sawa. Lakini weye ulitaka kukula zizi nzima na batoto ndani."

Akacheka. Miye pia nikacheka, kwa desturi. Lakini kikombe nikaiacha nusu, nikaondoka.

Kwa sababu patro anatafuta mwizi, na macho yake iko kwa Kalaki. "Ni weye ulisema tufanye mbio," anamuambia. "Ni weye unajua mambo ya bantu bote." Lundi, siku ya kwanza ya kazi, kama mwizi hajajulikana, Kalaki anafukuzwa, na nyumba ya kazi anaitoka. Bibi yake amezaa juzi. Kijana ananifuata ku mulango: "Baba, weye ulisikia harufu ya mwizi. Ilitoka upande gani?" Ananiuliza miye, mwenye koti! Tangu pale silali. Nageuka ku kitanda kama samaki mu kikaango.

Nikimutaja munungwe, nimevunja kitu ya bababu, na siku nitakufa nani atanitia mu udongo? Bena Ngo bote batakaa mikono mu mufuko. Nikinyamaza, kijana anapotea juu ya koti yangu. Bandugu, munishauri: nifanye nini mbele ya lundi?

Na weye chui, najua banakusomea ukurasa hii pale kwa munkoyo, unacheka. Ile jembe ulichimba nayo kaburi ni yangu. Nilikuazimisha, haujairudisha mupaka leo. Naomba ile kitu kidogo tu: uniletee lundi asubuhi. Si ku nyumba. Ku biro ya avoka, ku mulango wa mbele. Kuku yako itakuwa imefungwa pale, na miye nitakuwa nimevua koti, nimeirudisha kwa patro. Nitakufungulia mwenyewe, na siku ile sitasema patro hayuko.