Kadi Isiyotibu Kichwa

Vita viliporudi Kongo, mdogo wangu alivuka Ziwa Mweru akiwa na mimba ya miezi minane, akaja kukaa kwangu Kabuta, upande wa Zambia. Mimi nilikuwa nimeolewa na mvuvi wa Kizambia, na kazi yangu ilikuwa kuanika chisense, dagaa wa ziwa letu, na kuwauzia wachuuzi wa baiskeli. Mdogo wangu alijifungua salama kwenye kituo cha afya, mtoto wa kike.

Wiki ya pili akaacha kulala. Wiki ya tatu, nikigeuza dagaa mchangani saa sita mchana, nikamwona anaingia ziwani, mtoto mgongoni. Nilipomfikia maji yalikuwa kiunoni.

“Niache, yaya, dada yangu. Huyu mutoto si wangu. Balimubadilisha. Niko namurudisha kwa mwenyewe.”

Nilijua nikimshika kwa nguvu tutaanguka wote.

“Sawa,” nikamwambia. “Nipe mimi nimurudishe. Wewe umechoka.”

Akafungua kitenge, akanipa. Miguu ya mtoto ilikuwa imelowa.

Siku hiyohiyo tukampeleka kituoni. Tulikuwa na kadi ya mpango wa afya, ambao kila nyumba ilichangia mapema ili isidaiwe mlangoni. Munganga, ndivyo tulivyomwita mkuu wa kituo, aliigeuza kadi mbele na nyuma.

“Hii inatibu malaria, kuhara, kifua, uzazi. Kichwa hakimo.”

“Lakini ni uzazi uliomfanya hivi.”

“Mpelekeni hospitali kubwa, Mansa. Nikimpa dawa ya kabati langu, nani atalijaza tena?”

Barabarani dereva wa basi dogo la Mansa alimsikia mdogo wangu akiongea peke yake, akafunga mlango, akaondoka.

Tukarudi nyumbani. Mume wangu alitoa visu na makasia ndani. Mtoto alinyonyeshwa na jirani. Watu wa kanisa walikuja kuomba, na mmoja wao akaja na kamba ya wavu, akisema afungwe kwa usalama wake. Nilimtoa nje. Badala yake nilifunga pindo la kitenge changu kwenye pindo la kitenge chake: akisimama, nasimama. Kwa siku tisa nilikwenda naye kila mahali, hata chooni. Dagaa wangu waliliwa na ndege.

Siku ya kumi akaja kwa miguu nesi aliyemzalisha.

“Mama, karatasi imetoka boma la wilaya, Nchelenge. Sasa mpango unalipia wagonjwa wa kichwa wanaotibiwa hapahapa. Tena tukiwafuata nyumbani, kituo kinapata zaidi kuliko kwa malaria. Munganga anawaita.”

Badala ya kufurahi, nilikasirika.

“Kwa hiyo siku zile zote hakuwa mgonjwa?”

Nesi aliinamisha kichwa. “Alikuwa mgonjwa. Hakuwa kwenye karatasi.”

Nilikwenda naye. Ningefanya nini? Munganga yuleyule alimdunga sindano bila kunitazama. Siku mbili baadaye shingo ya mdogo wangu ilikakamaa, macho yakageukia juu, nikadhani anakufa. Nesi alikuja mbio na kidonge cha kupunguza ukali wa sindano, akakaa nasi mpaka shingo ikalegea. Tangu hapo alikuja kila Alhamisi, mgonjwa akitaka au asitake.

Ulipita zaidi ya mwezi. Asubuhi moja nilikuwa napika ubwali, ugali wa kwetu, huku mtoto akilia kwa jirani. Mdogo wangu akainua kichwa.

“Leta mutoto. Analia namna gani na mimi mama yake niko hapa?”

Sikumpa mara moja. Nasema kweli. Nilimleta mtoto, nikakaa karibu kiasi kwamba magoti yetu yaligusana, mkono wangu chini ya kichwa cha mtoto. Mdogo wangu alimnusa mtoto shingoni, akalia. Mkono wangu niliuondoa baadaye sana.

Siku tulipompeleka mtoto kupimwa uzito, nilimuuliza munganga kama kabatini hakukuwa na dawa siku ile ya kwanza.

“Ilikuwamo,” akasema. “Kidogo. Niliogopa kuitoa.”

Nilimbeba mtoto nikatoka. Nje, kwenye benchi, walikaa watu ambao sikuwa nimewahi kuwaona miaka yote niliyoishi Kabuta, wagonjwa wa kichwa, watu wazima waliokuwa wamefichwa vyumbani na ndugu zao, wakifinya macho kwa sababu ya jua. Mdogo wangu alisogea ili mwanamke mmoja apate pa kukaa, akamuuliza ametoka wapi.