Dobi anayeisoma nchi kwenye vifungo vya shati

Saa mbili kasoro robo asubuhi, shati la kwanza liko mezani. Dobi analinyunyizia maji kwa vidole, anageuza kola upande wa ndani, anashusha pasi. Mvuke unapanda. Midomo yake inacheza.

"Waliokaa nchi hii kwanza ni nani? Wafua chuma wa bondeni na wafugaji wa nyanda za juu." Pasi inafika kwenye ncha ya kola. "Walikutana wapi? Kwenye visima vya chumvi. Walipatana nini? Kisima kisifungwe kwa mgeni."

Mteja aliyesimama mlangoni na mfuko wa nguo anashituka. "Unasema nami, mzee?"

"Hapana, mwanangu. Nasema na kola. Weka mfuko hapo, zitakuwa tayari kesho kutwa."

Mtaani wanamwita Mzee Kola, kwa sababu hajapata kurudisha shati lenye kola iliyolala. Ana miaka hamsini na saba. Hupiga pasi mashati arobaini kwa siku, akiwa amesimama, katika chumba ambacho ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kuta. Nyayo zake zimechimba kishimo kwenye saruji mbele ya meza. Ukiingia bila kutazama, utajikwaa.

Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi, ataingia kwenye chumba cha mtihani wa uraia. Ataulizwa maswali kumi kuhusu historia, sheria na serikali. Akipata manane, ataapa baada ya wiki sita, kisha ataomba pasipoti. Akikosa, sheria inamtaka asubiri miaka mitatu kabla ya kujaribu tena, kwa kuwa hii itakuwa mara yake ya pili kukosa.

Miaka mitatu kwa mtu wa hamsini na saba si kitu. Lakini ng'ambo ya mpaka kuna mwanamke wa miaka themanini na mmoja, dada yake wa kwanza kuzaliwa. Jicho lake moja limekwisha na la pili linafuata.

"Mama alifariki siku niliyozaliwa," anasema dobi. "Dada Mkubwa ndiye aliyenipokea, nikiwa bado na damu. Alikuwa akiwapigia watu nguo pasi ya mkaa, mimi nikiwa mgongoni. Hii kazi niliijua kwa joto kabla sijaijua kwa macho."

Alipofika miaka kumi na tisa, vurugu ziliingia mji wao, na vijana wakaanza kukamatwa majumbani. Dada Mkubwa alimpigia pasi shati moja, akamvalisha, akampandisha lori la magunia lililokuwa likielekea mpakani. Alimwambia arudi hali ikitulia.

"Nikasema nitarudi mwakani. Mwaka ukiisha, nasema mwakani," anasimulia, mkono haujasimama. "Hizo mwakani nimezihesabu juzi. Zimefika thelathini na nane."

Kumbukumbu za kuzaliwa kwake ziliungua pamoja na ofisi iliyozitunza, na nchi aliyozaliwa haimtambui. Nchi aliyomo imempa kibali cha kuishi na kufanya kazi. Akivuka mpaka na kibali hicho, harudi tena kwa mkewe wala kwa watoto wao wawili, waliozaliwa hapa na sasa wanajitegemea.

"Watu husema nyumbani ni nyumbani ingawa pangoni," anasema. "Mimi nina mapango mawili, yote hayana mlango."

Mtihani wa kwanza aliufanya mwaka jana, na jinsi alivyoukosa ni kisa ambacho kingempata dobi tu.

Kila dobi ana boksi la vitu vilivyosahauliwa mifukoni. La Mzee Kola lina funguo, tiketi, meno ya bandia na barua moja ya mapenzi ambayo anaapa hajaisoma yote. Miaka kumi na minne iliyopita, mtu alileta koti zito la sufu na hakurudi kulichukua. Ndani ya mfuko wa kifuani mlikuwa na kijitabu cha maswali mia moja kwa raia wapya.

Koti likabaki linaning'inia mwisho wa bomba la kutundikia nguo. Kijitabu kikaingia kwenye boksi. Dada Mkubwa alipopiga simu kusema jicho la kwanza limezimika, dobi alikumbuka kijitabu kile. Alikisoma mwaka mzima, mpaka kurasa zikaachana. Ada ya maombi aliidunduliza miezi kumi na sita. Akaenda.

Afisa alimuuliza mikoa ni mingapi, akajibu tisa. Alipoulizwa umri wa kupiga kura, alisema ishirini na moja. Kwa majaji wa Mahakama ya Juu alijibu watano. Yote matatu alikosa, kwani siku hizi mikoa ni kumi na mmoja, umri wa kura ni kumi na minane, na majaji ni saba. Akapata saba kati ya kumi.

"Yule mama afisa alinionea huruma," anakumbuka. "Akaniambia, 'Mzee, majibu yako yote yaliwahi kuwa sahihi.' Yaani mimi ni raia hodari sana, ila wa nchi ya miaka kumi na minne iliyopita!"

Anacheka, kisha anainamia mkono wa shati kwa muda mrefu kuliko mkono unavyohitaji.

Tangu hapo amepata kijitabu kipya, na amebuni njia yake. Shati hupigwa pasi kwa mpangilio: kola, mabega, ncha za mikono, mikono yenyewe, halafu kiwiliwili. Kola ameipa historia ya kale. Mabega ameyapa haki za raia na wajibu wake, bega kwa bega. Mihimili mitatu ya dola haikuhitaji mahali kwenye shati, kwa sababu aliiona mezani.

"Kuna moto, maji na mkono," anaeleza. "Moto ndio serikali, unafanya kazi. Maji ndiyo bunge, yanaupoza. Mkono ni mahakama, unajua wapi pa kusimama. Moto ukiachiwa shati peke yake, utalitoboa."

Vifungo aliviachia mikoa. Hapo kinyozi wa chumba cha jirani, mzaliwa wa mtaa huu, ndipo anapopata pa kuchekea. Anasimama mlangoni na kitana sikioni.

"Mzee Kola, hii nchi unaisoma kama unataka kuiposa!"

"Naiposa, ndiyo. Wewe umezaliwa ndani yake, hukutoa hata mahari. Haya niambie, majaji wa Mahakama ya Juu ni wangapi?"

Kinyozi anakuna kidevu. "Wanatosha."

"Na Bunge la kwanza lilikaa wapi?"

"Mzee, mimi nina mteja kichwa nusu." Kinyozi anaondoka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Taabu ya vifungo ni kwamba shati la kawaida lina saba mbele na kimoja kila mkono. Ni tisa, sawasawa na mikoa ya zamani. Alipoanza kuhesabu mikoa kumi na mmoja, alikuwa anaishiwa vifungo kabla hajaishiwa nchi. Wa kumi, wa migodini, akajizoeza kuukumbuka. Wa kumi na moja ulikuwa ukimponyoka kila siku. Ni mkoa wa mpakani, uleule lilikopita lori la magunia, enzi hizo haujawa mkoa.

"Nikifika hapo, ulimi unakwama," anakiri. "Sijui kwa nini."

Mkewe anajua, lakini hasemi. Yeye hukaa kwenye kona, kopo la vifungo mapajani, akishonea wateja vilivyong'oka. Wiki iliyopita alichukua shati jeupe la mumewe, lile la mtihani, akashonea vifungo viwili vidogo kwenye ncha za kola, kimoja kulia na kimoja kushoto. Hakumwambia. Dobi alivigundua alipoteremsha pasi na kusikia imegonga.

"Nilichoka kumsikia anahesabu mpaka shati linaisha," anasema mama huyo bila kuinua macho.

Kinyozi alipoviona aliruka. "Shemeji, hiyo si kuibia mtihani?"

"Kwani vimeandikwa kitu? Nenda kamalize kichwa cha watu."

Saa kumi jioni simu inaita. Dobi anaiegemeza kwenye kopo la wanga, anafungua spika, anaendelea kupiga pasi. Kila siku ni saa hiyo hiyo.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba, Kitinda. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Bunge la kwanza lilikaa wapi?"

Ajuza huyu hajawahi kukanyaga nchi hii. Hasomi tena, haoni hata mkono wake vizuri. Lakini maswali yote mia moja anayajua, kwa kuwa mdogo wake amemsomea kwenye simu tangu mwaka jana, na yeye huyarudisha.

"Kwenye ghala la pamba, Dada."

"Kwa nini?"

"Ukumbi ulikuwa haujaezekwa."

"Wakakaa juu ya nini?"

"Juu ya marobota."

"Wakapiga chafya kutwa," anaongeza Dada Mkubwa, na wote wawili wanacheka. Hilo la chafya halimo kijitabuni. Ni lake.

"Haya, mikoa."

Dobi anaacha pasi. Shati jeupe linaning'inia mbele yake. Anapitisha kidole kifungo kwa kifungo, saba, kisha mikono miwili, kisha ncha ya kulia ya kola, wa migodini. Kidole kinafika ncha ya kushoto na kusimama. Kwenye kona, mkewe ameacha kushona.

"Ule lilikopita lori lako," inasema sauti kwenye simu, polepole.

"Wa mpakani," anasema dobi.

"Ndiyo huo. Usiusahau tena, ndiyo njia ya kurudia. Kitinda, na mimi nina swali langu. Utakuja lini? Nataka kujua jicho hili nilitunzie nini."

"Hilo halimo kijitabuni, Dada."

"Najua halimo. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Mpango wake ni huu. Akipita, ataapa akiwa na shati hilohilo. Siku atakayopata pasipoti, atafunga duka mwezi mmoja, na pasi ndogo itakuwa ndani ya begi. Anataka kufika mlangoni kwa dada yake asubuhi, aombe magauni yake yote, ayapige pasi mbele yake wakati bado anaona rangi. Kama atakuwa haoni, basi atampa kola yake aishike. Dada Mkubwa amesema hiyo inatosha, atamjua.

Kabla ya kufunga, dobi anabandika vikaratasi kwenye nguo za kesho, jina la mteja na siku ya kuchukua. Koti la sufu, ambalo hulipiga brashi kila mwezi, halina siku. "Mwenyewe atakuja," husema, na hapendi kubishiwa.

Shati jeupe analitundika kando ya koti hilo. Kikaratasi chake ameshakiandika: Mwenye duka. Alhamisi.