Koseti ya Josefina

Kwenye majengo ya Fittja, pembeni mwa Stockholm, ukimtafuta Emérithe kwa jina lake unaweza kuzunguka mpaka uchoke, lakini ukimwulizia "yule fundi wa Kirundi" hata mtoto wa chekechea atakufikisha mlangoni. Ghorofa ya nne, cherehani mbili sebuleni, ya tatu jikoni kando ya friji. Kwa miaka ishirini amewavalisha watu wa Afrika Mashariki wa Stockholm: mabibi harusi wa Kikongo, wasimamizi wa Kitanzania, kwaya nzima ya Warundi, wanawake ishirini na wawili ambao hakuna wawili waliofanana umbo. Alikuwa akimtazama mtu anavyovua koti, anamgeuza mara moja, anachukua mkasi. Na nguo ilikaa. Hilo lazima lisemwe mapema, maana yanayofuata hayamsifu.

Kazi alifunzwa na shangazi yake kule Rumonge, akaikomaza kambini Kigoma, chini ya turubai. Kote huko sheria ilikuwa moja: nguo inayobana ni tusi la fundi kwa mteja. Mwanamke huolewa, huzaa, hunenepa. Kwa hiyo unamwachia sentimita tatu za kupumulia, na ndani ya mishono unamkunjia kitambaa cha akiba, ili siku akirudi amejaa umfumulie kidogo, aende zake na heshima yake. Wateja wa Emérithe walimpenda kwa akiba hiyo. Wengine walikuwa wameshaitumia mara mbili na hawakupenda izungumzwe.

Binti yake wa pekee, Kelly, alizaliwa hapahapa Sweden. Alikuwa na miaka kumi na tisa, akipanga bidhaa kwenye rafu za duka moja Skärholmen, na kila Jumamosi alijitolea kwa kikundi cha maigizo ambacho kila kiangazi huonyesha maisha ya zamani, watu wakiwa na mawigi na magauni mapana kama meza. Mtunza mavazi wa kikundi hicho alikuwa mzee mmoja Mswidi, Ronny, aliyekuwa amewavalisha waigizaji miaka arobaini kabla ya kustaafu. Ronny alikuwa ameombwa apendekeze jina la kijana mmoja wa kwenda kujifunza kazi mwaka mzima kwenye chumba cha mavazi cha jumba kubwa la maigizo mjini. Kelly aliitaka nafasi hiyo mpaka akawa anaizungumzia huku anapiga mswaki.

Ronny alimpa mtihani. Koseti moja, ile fulana ngumu yenye mifupa ya chuma inayoshika kiwiliwili na kufungwa kwa kamba mgongoni, ya kuvaliwa na mwigizaji mkuu. Kelly apime na kupiga hesabu, na kwa kuwa mama yake alikuwa fundi, basi mama ashone. Jina litapelekwa Ijumaa ya wiki itakayofuata jaribio la kwanza.

Kelly akampima mwigizaji huyo, Josefina, binti wa watu wa Mwanza aliyezaliwa Hjulsta, upande wa pili wa jiji, akaja nyumbani na karatasi iliyoandikwa vizuri.

"Kiuno chake sabini na nne," alimweleza mama yake kwa Kiswidi, kama kawaida yake. "Lakini wewe kata sitini na nane. Koseti inakuwa ndogo kuliko mwili, mama. Mgongoni lazima ibaki nafasi ya vidole vitatu, kamba ipate pa kuvuta. Na kwanza ushone ya majaribio, hata kwa shuka kuukuu."

Emérithe alikuwa akisikia Kiswidi vizuri kuliko alivyokisema. Alicheka. Yeye, afanye majaribio kwa shuka? Wanaofanya majaribio ni wanagenzi wa wiki ya kwanza.

"Nimekusikia, mwanangu. Niachie."

Akaachiwa. Na Kelly alipokwenda kazini, Emérithe aliitazama ile sitini na nane akamwonea Josefina huruma. Msichana wa watu acheze, aimbe, apande ngazi, amebanwa sentimita sita ndani ya nyama yake? Watu watasema nani ndiye aliyeshona? Akakata sabini na saba. Akakunja na akiba.

Mengine yote aliyafanya kwa ustadi, na hapo ndipo panapouma. Kitambaa kizito cha pamba tabaka mbili, mifereji ishirini na minne iliyonyooka, ndani yake vipande vyembamba vya chuma alivyopewa na Ronny, ncha zote zimesuguliwa zisitoboe. Matundu ya kamba aliyapigia pete za shaba kwa nyundo mpaka jirani wa chini akagonga bomba kulalamikia kelele. Ilikuwa kazi nzuri, ila haikuwa koseti.

Siku ya kujaribu walikutana katika ukumbi wa mazoezi, kikundi chote kimekaa vitini. Josefina akaivaa juu ya shimizi, Kelly akashika kamba mgongoni na kuvuta. Akavuta mpaka kingo mbili zikagusana, zikapandana, na koseti bado ilikuwa ikizunguka kiunoni mwa Josefina kama ndoo. Josefina akainua mikono. Koseti ikashuka. Akakaa, vyuma vikampanda mpaka kidevuni.

"Mama Kelly," Josefina alisema kwa Kiswahili chake kidogo, kwa adabu, "inanishuka."

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini Emérithe hakuwahi kuchekewa nguo tangu alipokuwa msichana. Ronny akaja, akapitisha kidole ndani ya mshono, akaikuta ile akiba iliyokunjwa. Akauliza taratibu: ni kipimo gani kilichotumika?

Sasa, mkalimani wa Emérithe mbele ya Waswidi, hospitalini, ofisini, popote, alikuwa Kelly. Kelly akamgeukia mama yake, ingawa alijua kwamba swali limeeleweka.

"Mwambie," Emérithe alisema, "nimekata kama ulivyoniandikia."

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na dole lingepona. Kelly alimtazama mama yake kwa muda ambao Emérithe angeukumbuka. Kisha akamgeukia Ronny na kutafsiri, neno kwa neno, bila kupunguza. Akaongeza la kwake kwamba huenda alikosea hesabu.

Ronny alitikisa kichwa. "Kipimo ndiyo kazi yenyewe, Kelly," alisema. "Kushona ni baadaye."

Ndani ya treni ya kurudi Fittja Emérithe alikosa pa kuutia uso wake. Alitazama dirishani, na dirishani akaiona sura yake mwenyewe, akageukia sakafu. Alingoja Kelly apige kelele. Kama angepiga kelele angemjibu, wangegombana, na katika ugomvi ukweli ungepata mwanya wa kutoka. Kelly alikuwa anasoma simu. Nyumbani akauliza kama kuna maharage yaliyobaki, akala, akalala.

Emérithe aliamua kusema asubuhi. Asubuhi ilipofika akaamua kwamba ni bora aishone kwanza upya, kwa sababu mtu mwenye kazi nzuri mkononi aibu yake huwa ndogo. Huo ulikuwa uongo wa pili, na huu alijidanganya mwenyewe.

Alichukua shuka kuukuu. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, fundi wa mabibi harusi, alikaa sakafuni na ile karatasi ya bintiye na kuifuata mstari kwa mstari. Sitini na nane. Alimwita Josefina nyumbani, akamvalisha shuka iliyotiwa vyuma, akavuta kamba, akaona kwa macho yake kitu alichokuwa akiambiwa: mwili ulikuwa umeshikwa, haukuwa umebanwa. Josefina akainama, akaruka, akapumua kwa tumbo.

"Hii nzuri," Josefina alisema. "Kelly alifanya hesabu tena?"

"Eeh," alisema Emérithe, na pini zilizokuwa mdomoni zikamwokoa asiseme zaidi.

Akakata kitambaa cha kweli bila akiba hata ya nukta. Kiunoni, kwa ndani, akapitisha utepe imara wa kubeba mvuto wote, ili mishono isichoke. Kila mfereji akaupiga cherehani mara mbili. Kelly aliporudi kutoka kazini alisimama mlangoni akatazama, akasema "fint," yaani nzuri, akapita. Ijumaa ya jina ilikuja. Emérithe aliamka alfajiri na maneno yote kinywani, akamkuta Kelly amekwishatoka. Angeweza kumpigia simu. Aliishika simu, akaiweka, akashona matundu ya kamba. Moyoni akajituliza kwamba Ronny ni mtu mwema, labda atalipeleka jina la Kelly hata hivyo.

Wiki iliyofuata wakarudi ukumbini. Koseti ilikaa. Ilikaa vizuri kiasi kwamba wale waliocheka walisimama, na Josefina akazunguka chumba kizima mgongo umenyooka, vidole vitatu vya nafasi vikionekana nyuma, sawasawa kutoka juu mpaka chini. Ronny alivaa miwani, akakagua kila mshono, akavua miwani.

"Kazi ya daraja la kwanza," alisema. "Unaona, bibi? Safari hii umepima mwenyewe, hukumwachia mtoto."

Emérithe alijisikia mdogo kuliko sindano. Watu walikuwa wanapiga makofi, na kila kofi lilikuwa linampiga Kelly.

"Kelly," alisema kwa Kiswahili. "Mwambie kipimo chako kilikuwa sahihi tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeongeza. Halafu nikadanganya hapa mbele yao."

Kelly alilegeza fundo la kamba mgongoni mwa Josefina. Kisha akamwambia Ronny kwa Kiswidi: "Mama anashukuru sana."

Alikuwa anamfichia. Mtoto aliyesingiziwa alikuwa anaificha aibu ya aliyemsingizia, mbele ya ukumbi mzima, kwa sauti ya kawaida. Emérithe angeweza kuiachia hapo. Akafungua mdomo, akasema kwa Kiswidi chake kibovu, polepole, ili kila mtu asikie: "Hapana. Kelly andika sawa. Mimi kosa. Mimi sema uongo."

Makofi yaliisha. Ronny alimtazama Kelly, akamtazama tena mama yake, akakaa kitini.

"Mimi jina nililipeleka Ijumaa," alisema. "Nilipeleka la mwingine." Akasema mwakani ataombwa tena, na atamkumbuka Kelly, na anasikitika. Kelly akaitikia kwamba anajua, aliambiwa siku ileile ya Ijumaa. Akakunja kamba za koseti, akaziweka ndani ya sanduku.

Kwenye treni walikaa wakitazamana. Emérithe alijiambia kwamba angalau ameshasema, mzigo ameutua. Walipopita kituo cha Vårberg Kelly alizungumza, na alizungumza kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwa akimjibu nayo mama yake tangu alipoanza shule.

"Ronny umemwambia," alisema. "Mimi je?"

"Wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Siku kumi na mbili tumekula pamoja, mama. Nilikuwa nangoja uniambie mimi, nyumbani, sisi wawili tu. Wale wengine sikuwa na haja nao."

Kwao mzazi hamwombi mtoto radhi. Humpikia anachokipenda, humnunulia kitu, mambo yakaisha. Emérithe alikuwa ameyafanya yote mawili wiki ile. Mbele ya watu waliobeba mifuko yao ya soko, kati ya vituo vya Vårby gård na Masmo, aliishika mikono ya binti yake.

"Nilikusingizia," alisema. "Nilijua ninachofanya, nikafanya. Nisamehe, mwanangu."

Kelly hakuitoa mikono yake. "Nimekusikia," alisema. "Lakini mwaka mzima ni mrefu, mama."

"Ni mrefu," Emérithe alikubali, na wakashuka Fittja.