Shemeji na Mita za Shimoni

Mume wa dada yangu hajawahi kukosea, na shahidi wa jambo hilo ni yeye mwenyewe. Nyumbani namwita shemeji. Ofisini, kwa amri yake, namwita Mtaalamu kama wanavyomwita wengine, kwa sababu alisema undugu unaharibu kazi. Kazi yenyewe alinitafutia yeye, lakini siku hiyo undugu ulikuwa bado haujaanza kuharibu.

Ana miaka arobaini na moja. Chuoni alikuwa kichwa, hilo simnyimi. Miaka minne ya mwanzo aliandika programu za kompyuta kwa mikono yake mwenyewe, na nyingine zinafanya kazi mpaka leo. Kisha akagundua kwamba anayezungumzia programu huheshimiwa kuliko anayeziandika, na tangu siku hiyo hajaandika hata mstari mmoja. Amekuwa mtu wa maoni. Kompyuta yake ameijaza stika hadi haijulikani ilikuwa na rangi gani, na kila asubuhi huifuta kwa vile vitambaa vilowevu vya mtoto wao mchanga.

"Baba watoto," dada humwambia, "mwenye makalio ni mtoto, si kompyuta."

Yeye hutabasamu kama mtu anayemsamehe asiyeelewa. Ndilo tabasamu lake la kila siku. Hulivaa pamoja na viatu vyeupe.

Shirika letu linagawa maji kwa nusu ya mji. Mimi najibu barua za wateja wanaolalamika, kazi ya chumba cha pembeni, na inanifaa. Mwaka jana uongozi uliamua kwamba wasoma mita waache daftari na waanze kuandika namba kwenye simu. Shemeji, mkuu wa mifumo, akapewa jukumu la kuchagua programu ijengwe kwa njia gani.

Njia zilikuwa mbili, na mtu yeyote anaweza kuzielewa. Ya kwanza ni ukurasa wa mtandaoni: unaufungua kwenye simu yoyote, huhitaji kupakua kitu, na ukibadilishwa leo kila mtu anaupata umebadilika leo. Lakini mtandao ukikatika, nao umekatika. Ya pili ni programu inayopakuliwa na kuishi ndani ya simu yenyewe. Hiyo ina usumbufu wake, maana kila aina ya simu inadai kutengenezewa ya kwake, lakini inaweza kutunza ulichoandika hata pasipo na mtandao, ikakituma baadaye. Si kwamba moja ni ya werevu na nyingine ya wajinga. Inategemea nani ataitumia, akiwa wapi.

Shemeji hakuuliza nani wala wapi. Aliitisha mkutano ghorofa ya tatu, akawasha projekta, akasema programu za kupakua ni ushamba.

"Dunia nzima inahamia kwenye kivinjari," alisema. "Sisi tunataka kurudi kupakua-pakua?"

Kulikuwa na programa mmoja, mama wa watoto watatu na mwenye maneno machache, ambaye ndiye hasa angeijenga hiyo programu. Akanyoosha kidole.

"Mtaalamu, mita nyingi ziko chini ya ardhi. Kule mtandao unafika?"

"Dada yangu, tuko karne gani?"

Watu wakacheka. Mama yule akashusha kidole. Wiki chache baadaye ukurasa ukafanyiwa majaribio, na nilikuwepo, maana nilitumwa kuandika muhtasari. Walichapa picha ya mita kwenye karatasi, wakaibandika ukutani, hatua tatu kutoka kwenye kisanduku cha waifai. Shemeji akasimama mbele ya picha ile, akaisoma, akaandika namba, ikaja alama ya kijani. Watu wazima tisa wakapiga makofi kwa sababu mwenzao ameweza kusoma karatasi.

Mita za kweli hazikai ukutani. Nyingi ziko kwenye mashimo yenye vifuniko vya chuma, au vyumba vya chini vya majengo, nyuma ya mapipa na magodoro mabovu. Ninayajua haya kwa sababu ya Mama Mita. Ni mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, na amesoma mita kwa miaka ishirini na minne. Hutembea na ndoano ya chuma ya kunyanyulia vifuniko, na akishuka shimoni huibana tochi kwa meno. Kila Ijumaa hupita chumbani kwangu kuuliza kama kuna mteja yeyote wa mtaa anaosomea mita aliyelalamika. Nikimwambia hakuna, husema, "Watalalamikia nini?" na kwenda zake.

Ukurasa ulipoanza kutumika, alishuka shimo la kwanza, akaandika namba, akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha kioo kikawa cheupe na namba ikapotea. Akapanda juu, akaandika tena. Shimo la pili vilevile. Kufika la tano akaurudisha mkono kwenye daftari. Asubuhi nzima akasoma mita sabini na mbili kama alivyosoma siku zote, halafu mchana akakaa kwenye benchi mbele ya duka la fundi saa, mahali penye mtandao mzuri, akaziingiza zote kwa mpigo. Akafanya hivyo kila siku kwa wiki tatu.

Alichokuwa hajui ni kwamba ukurasa uliandika saa na mahali namba ilipotumwa.

Shemeji alipofungua ramani yake akaona nukta sabini na mbili zimelundikana juu ya benchi moja, ndani ya dakika arobaini. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, hata siku ya harusi yake. Jioni nyumbani, mimi na dada tukiwa mezani, alikula akisimulia.

"Mwizi wa wazi kabisa! Anakaa kivulini, anatunga namba. Miaka ishirini na minne anatunga namba! Mfumo umemnasa kwa wiki tatu."

"Shemeji," nikasema, "huenda kule chini hakuna mtandao."

"Wewe jibu barua, shemeji yangu. Takwimu hazina shangazi wala mjomba."

Dada akanitazama, akanisogezea bakuli, maana yake nyamaza.

Jumatatu Mama Mita akapewa barua: anatuhumiwa kughushi, aje Alhamisi ajieleze, na akishindwa anafukuzwa kazi. Hakuja chumbani kwangu kulia. Alikuja na barua mkononi, akaigonga juu ya meza.

"Neno hili, 'kughushi', ni la nani?"

"La Mtaalamu."

"Yule wa viatu vyeupe?"

"Ndiye."

"Amenizidi nini huyo, zaidi ya suruali yenye pasi? Kazi nitapata nyingine, hata ya kufagia. Lakini wanangu wataambiwa mama yao alikuwa mwizi wa namba. Hilo silikubali, hata wakinitoa na gari la zimamoto."

Alipoondoka nikafungua kabati la malalamiko. Msoma mita akitunga namba, wateja hupiga kelele: mmoja kaandikiwa maji ya kujaza bwawa, mwingine kaandikiwa sifuri miezi sita kisha mlima. Mtaa wa Mama Mita una nyumba elfu moja na themanini. Nilirudi nyuma miaka mitatu, faili kwa faili. Zilikuwepo barua mbili. Moja ililalamikia bomba lililopasuka. Nyingine ilimsifu.

Alhamisi tukakutana ghorofa ya tatu: Mkurugenzi, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ndogo ambayo watu huinama kuisikia, Shemeji na ramani yake, Mama Mita na ndoano yake, maana alikataa kuiacha mapokezi, na mimi, mwandishi wa muhtasari, na faili zangu mapajani. Nilikuwa nimeapa kuzungumza. Shemeji alipomaliza ramani yake nilikuwa bado natafuta sentensi ya kuanzia.

"Una la kusema, mama?" Mkurugenzi akauliza.

Mama Mita akamgeukia Shemeji. "Mwanangu, umewahi kushuka kwenye shimo la mita?"

"Mimi si lazima niingie tumboni mwa ng'ombe ili nijue maziwa."

"Ng'ombe wako wewe ni karatasi. Twende chini. Jengo hili lina mita, iko nyuma ya ghala, naisoma mimi kila mwezi. Nenda kaisome kwa hilo dude lako, mbele ya bosi. Ikikubali, sirudi hata kuchukua mwavuli wangu."

Mkurugenzi akanyanyuka, akaelekea mlangoni. Tukashuka ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, Shemeji mbele akieleza mambo ambayo hakuna aliyeyauliza. Nyuma ya ghala sakafu ilikuwa na maji. Akasita, akakunja suruali, akakanyaga kwa ncha za vidole kama paka aliyekosea njia. Mama Mita akanyanyua kifuniko kwa ndoano. Shemeji akachuchumaa pale ukingoni, akaandika namba, akabonyeza.

Alama ya kijani ikaja.

"Mnaona?" Akaigeuza simu ili kila mtu aone. "Mnaona wenyewe?"

Mama Mita aliitazama ile kijani kama mtu anayeitazama mita inayorudi nyuma. Mkurugenzi akashusha pumzi, akageuka kuelekea ngazini.

Nami nikaona, pembeni ya kioo cha simu ya Shemeji, kile kialama kidogo cha waifai.

"Shemeji," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Zima waifai ya ofisi."

Shemeji akasimama taratibu. "Kazini hakuna shemeji."

"Mama Mita hana waifai ya ofisi kwenye mashimo ya watu. Izime."

"Hayo ni mambo ya kiufundi ambayo wewe..."

"Izime, shemeji wa watu," Mkurugenzi akasema kwa ile sauti yake ndogo.

Akaizima. Akaandika namba tena, akabonyeza. Kiduara kikazunguka. Akainua simu juu ya kichwa, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda haja. Kikazunguka. Akapanda ngazi mbili, viatu vikilia maji. Kioo kikawa cheupe.

"Ni mtandao tu huu," akasema.

"Ala!" Mama Mita akasema. "Kumbe ni mtandao tu. Na mimi wiki tatu nilidhani ni wizi."

Pale pale chini nikafungua faili. Nyumba elfu moja na themanini, miaka mitatu, barua mbili. Nilisoma zote mbili kwa sauti, hata ile ya bomba, maana sikujua pa kuishia. Mkurugenzi akasikiliza hadi mwisho, akasema tuhuma zimefutwa, na programa yule mama wa watoto watatu aanze kujenga programu ya kukaa ndani ya simu. Ukurasa, akasema, wabaki nao wateja, waangalie bili zao sebuleni. Kila kitu kikapata mahali pake kwa sentensi mbili. Shemeji alikuwa ametumia miezi minane na projekta.

Mkurugenzi akafika ngazini. Mama Mita hakusogea.

"Mlinituhumu kwa barua," akasema. "Mnanisafisha kwa mdomo? Shimoni, tena kwenye maji? Nataka barua. Na atie sahihi yeye."

Kuandika barua ndiyo kazi yangu. Niliiandika alasiri ile ile: mistari sita, inasema namba zilikuwa sahihi, tuhuma hazikuwa za kweli, na aliyezitoa anaomba radhi. Shemeji aliipeleka nyumbani, nayo ikalala juu ya meza ya chakula huku akiizungukia kwa kalamu.

"Hapa weka 'kutokana na changamoto za mtandao'," akasema.

"Mtandao haukumwita mghushi. Uliyemwita ni wewe."

"Shemeji, nilikutafutia kazi mimi."

"Asante. Ndiyo hii naifanya."

Akamtazama mke wake, akitafuta hakimu wa upande wake. Dada alikuwa anampangusa mtoto kwa kitambaa cha mwisho cha pakiti.

"Tia sahihi, baba watoto," akasema bila kuinua kichwa. "Chakula kinapoa, na mtu ameloa viatu tangu mchana anazungusha kalamu tu."

Akatia. Sahihi yake ni kubwa, yenye mkia mrefu, na siku ile mkia ulikuwa mfupi.

Kesho yake nikampelekea Mama Mita barua. Aliisoma akiwa amesimama koridoni, akipitisha kidole chini ya kila mstari, mara mbili.

"Kaandika mwenyewe?"

"Katia sahihi mwenyewe."

"Nilijua. Na nakala ya kuweka kwenye faili langu?"

Nikamwonyesha. Hakuniachia niipeleke. Tulikwenda pamoja masijala, akasimama mbele ya karani hadi faili likatolewa, likafunguliwa, na karatasi ikatobolewa matundu. Karani akataka kuichomeka chini, pamoja na za zamani.

"Hapana, baba," Mama Mita akasema. "Juu ya ile ya kughushi. Atakayefungua aanze na hii."

Karani akaiweka juu. Mama Mita akalifunga faili mwenyewe, akachukua ndoano yake, akaenda kazini.