Nguo Zikiwa Kambani

Dobi hakuanzisha shirika, na ukimwita mwanzilishi atakucheka. Alikuwa na karai, pasi ya mkaa na mdomo usiojua kupumzika, basi. Siku moja mtu aliyekuwa akilala kwenye baraza la duka la jirani alimwomba amfulie shati lake la pekee. Akalifua, akampa shuka ajifunge, akamwambia akae uani mpaka likauke. Chai ikaja, maneno yakafuata. Kesho yake mtu yule akaja na wenzake.

Hivyo ndivyo nyumba ile ya wasio na makazi ilivyozaliwa. Bafu likaongezwa, kisha jiko, kisha vitanda. Wengi walipata kazi na vyumba kwa mazungumzo ya pale uani, wote wamejifunga shuka, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Kisha mkwewe, ambaye ndiye meneja wa nyumba ile, akaletewa mashine ya kukaushia nguo. Alifurahi kuliko siku alipomwoa binti wa dobi. Nguo zikawa zinakauka kufumba na kufumbua. Watu wakavaa, wakashukuru, wakaenda zao. Ua ukabaki mtupu.

"Mama, haya ndiyo maendeleo," mkwe alisema.

"Ya nguo, mwanangu. Na watu je?"

Aliyemkosesha usingizi ni mtu mmoja waliyemwita Bwana Kimya. Alikuja na kikohozi chake, akachukua nguo, akarudi chini ya daraja, na mvua zilikuwa zinakaribia. Kitanda kilikuwepo. Kila akiambiwa, alitikisa kichwa tu.

Basi safari hii dobi alizianika nguo za bwana huyo kambani.

"Mashine ina nini leo?" aliuliza yule bwana.

"Imechoka," dobi akajibu bila kupepesa jicho.

Akakaa. Akanywa kikombe cha kwanza cha chai. Cha pili kikamfungua: alikuwa fundi viatu, mkewe akafariki, chumba kikamshinda, na tangu hapo kulala ndani ya kuta kulimtia hofu. Dobi, kwa mara ya kwanza maishani, alifunga mdomo akasikiliza.

Jua likapita. Shati lilikuwa limekauka zamani, limekakamaa. Dobi akamletea shingo upande, kwa kuwa la mtu ni la mtu.

Bwana Kimya aliishika kola, akaipapasa, akamrudishia.

"Bado bichi hili, mama."

"Naam, bado," dobi akasema. Akalirudisha kambani, akaenda kumtandikia kitanda.